Waliokaa Nyuma Yangu

Sisi wapiga makasia huenda kinyumenyume.
Tunakotoka tunakuona: daraja, mnara, bata wawili wa Tartu.
Tuendako tunakujua kwa sauti ya Pille tu,
mshika usukani, kilo arobaini na tisa, koo la tarumbeta.

Mimi hukaa kiti cha nne, nimeukabili uso wake.
Pigo langu ndilo pigo la mashua.
Nyuma yangu Eha, nyuma ya Eha Maarika,
na kule mwisho, kwenye ncha inayopasua maji, Liidia,
aionaye migongo yetu mitatu
na asiyesema neno tangu Aprili.

Jumapili Pärnu walitushinda kwa sekunde sita.
Sita! Piga chafya mbili, zimekwisha.
Jibu nilikuwa nalo, nimelikunja kama taulo:
Eha anachelewa.
Maarika anatazama pembeni.
Liidia, nani ajuaye afanyalo Liidia?
(Sijawahi kumwona akivuta kasia. Hata mara moja.)

Jumanne jalidi ililala gatini.
Kocha Urve hakutushusha mtoni;
alituketisha bandani juu ya benchi moja,
kwa mpangilio uleule, nyuso upande mmoja.
"Semeni mnaloliona mbele yenu.
Sikuuliza mnalodhani.
Kisha kila mtu aseme moja la kwake."
Akaenda kuchemsha chai, akakawia makusudi.

Nilianza mimi, kwa kuwa mimi huanza kila kitu.
"Pille, mdomo wako unasema vuteni,
macho yako yameshakata tamaa
mita mia tano kabla ya mwisho."
Aliacha kutafuna mkate wake mweusi.
"Najua," akasema. "Sikujua kwamba yanaonekana."

Halafu sauti ya Eha, karibu na sikio langu:
"Bega lako la kulia hupanda.
Likipanda, pigo lako hufupika,
nami ninaonekana nimechelewa
kwa sababu nakusubiri pale ulipopaswa kuwapo."

Nilitaka kugeuka. Benchi halikuniruhusu.

Maarika alisema, "Mimi huchungulia pembeni,
nahesabu mashua za wenzetu. Ni woga.
Nitaacha." Kimya. "Nitajaribu kuacha."
Lile taulo langu nikalihisi likilowa mikononi.

Na Liidia, baada ya birika kulia na kunyamazishwa:
"Ukiogopa, shingo yako huwa nyekundu.
Huanzia chini ya nywele, hushuka.
Naiona toka kule mwisho.
Nilidhani unajua."

Nyani haoni kundule, wamesema waliosema,
wala hawakuongeza
kwamba nyani wenzake wanaliona
na wananyamaza kwa adabu.
Siku ile nilisemwa mgongoni nami nikiwapo,
na hayakuwa masengenyo.

Zamu yangu ya kujisema ikafika.
Nilitafuta sentensi isiyokuwa na "lakini" ndani yake.
Ilichukua muda. Chai ilikuja, ikapoa.
"Nikiogopa," nikasema, "nawakimbia.
Halafu nawalaumu kwa kubaki nyuma."
Hakuna aliyenipigapiga mgongo.
Eha alinisogezea sukari.

Alhamisi tulikuwa majini. Mita ya mia nane
bega likaanza safari yake ya juu,
mimi sikulisikia, Eha alilisikia.
"Bega," alisema, neno moja, bila hasira,
kama mtu akwambiaye kamba ya kiatu imefunguka.
Nikalishusha. Likapanda tena. "Bega." Nikalishusha.
Pärnu bado wana kasi kutuzidi, tusidanganyane.

Tulipoitoa mashua na kuipindua mabegani,
Liidia alitangulia kuingia bandani, mimi nikafunga msafara.
Kati ya Eha na Maarika niliuona mgongo wake, mara ya kwanza:
mwembamba, fulana imechanika pajani mwa kwapa,
imeshonwa kwa uzi wa kijani, mishono mikubwamikubwa.
Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukitetemeka.

Nilingoja tuiweke mashua kwenye vyuma vyake.
Kisha nikamwendea.